Timazi ya Mgongo: hotuba kwa walimu wastaafu kuhusu upasuaji wa mgongo unaopinda ukubwani

Shikamooni walimu wangu.

Aliyenialika hapa Tanga alinipigia simu akasema, "Daktari, wenzetu wanainama." Hakusema wanaumwa, ingawa najua wanaumwa. Alisema wanainama. Nimelibeba neno hilo njia nzima kutoka Dar es Salaam, kwa sababu ndilo neno ambalo sisi wapasuaji wa mgongo tulichelewa sana kulielewa, na wagonjwa waliumia kwa kuchelewa kwetu.

Nawazungumzia mgongo unaopinda ukubwani kwa kuchakaa. Naacha kando mgongo wa mtoto aliyezaliwa nao umepinda, na wa binti wa miaka 13 unaopinda wakati anarefuka. Huu wetu huanza baada ya miaka 50 hivi, mara nyingi kiunoni, kwa mtu ambaye alikuwa mnyoofu maisha yake yote.

Kati ya pingili na pingili kuna diski, kitu laini kinachobeba uzito kama mto. Miaka ikienda diski hukauka na kupungua kimo. Zikipungua sawasawa, mtu anafupika tu, kanzu yake ya zamani inaanza kuburura. Taabu huanza diski inapodidimia upande mmoja kuliko mwingine. Pingili ya juu inaegemea upande huo. Vifundo vidogo vya nyuma vinavyoshikanisha pingili vinabeba mzigo usio wao, vinavimba na kuota mfupa. Pingili inajizungusha kidogo, pengine inateleza pembeni. Na kwa kuteleza huko diski inazidi kuliwa. Ni nguzo ya banda iliyoanza kulala: kila mvua inailaza zaidi. Mpindo tunaupima kwa nyuzi, kwa njia aliyoieleza John Robert Cobb wa New York mwaka 1948, na ukizidi nyuzi 10 ndipo tunauita skoliosisi.

Sasa nawaombeni msiogope. Mwaka 2005 watafiti wa Marekani waliwapiga picha watu 75 waliojitolea, wote wenye zaidi ya miaka 60, ambao hawakuwa na historia ya kupinda mgongo. Asilimia 68 walikutwa migongo yao imepinda zaidi ya nyuzi hizo 10. Kwa hesabu hiyo, nikiwapiga picha nyote mlioketi hapa, wengi wenu mtaondoka na karatasi yenye jina la ugonjwa. Picha peke yake haipasuliwi. Mtu akikuonyesha eksirei tu akakwambia lazima upasuliwe, bila kukusimamisha, bila kukutembeza, bila kukuuliza nini kimekushinda nyumbani, chukua picha zako uende kwa mwingine.

Niliwahi kumtibu mama mmoja muuza samaki. Aliweza kukaa kwenye meza yake asubuhi nzima, ilimradi ameegemea kwa viwiko. Lakini kutoka sokoni hadi kituo cha daladala, mwendo wa dakika 10, alisimama kupumzika mara nne. Paja linawaka moto, mguu unakufa ganzi. Akiinama kama anayetafuta shilingi iliyoanguka, unaachia, anaendelea. Alikuwa ameshapimwa moyo, ameshachuliwa kwa mafuta ya kila aina, na kwa miaka miwili alikuwa akinunua diklofenaki, dawa ya maumivu, duka la dawa kama mtu anavyonunua chumvi, mpaka tumbo likaanza kumsumbua. Shida yake ilikuwa hii: mtu akisimama wima, njia za mishipa ya fahamu mgongoni hubanwa, akiinama, hupanuka. Kwenye mgongo uliopinda, upande wa ndani wa mpindo ndio unaobanwa zaidi, kama mlango ulioshukiwa na boriti. Kwake mlango mmoja tu ndio uliofunga. Mpindo ulikuwa nyuzi 18, pingili zake hazichezi, na alisimama wima. Tukaufungua mlango ule mmoja, hatukuweka skrubu hata moja. Kesho yake alitembea wodini. Mgongo wake bado umepinda mpaka leo, na haumsumbui.

Mwingine sikumtendea vyema, na nawaambia kwa sababu ndiye aliyenifundisha. Alikuwa mzee mstaafu, mwenye malalamiko yale yale ya miguu. Lakini yeye alikuwa pia ameanza kusimama ameinama, na pingili moja ilikuwa imeteleza pembeni juu ya mwenzake. Nikasikiliza miguu, sikuutazama mwili. Nilimfungulia pingili tatu, nikaondoa mfupa mwingi wa nyuma, na miguu ilipoacha kuwaka nilifurahi pamoja naye. Mwaka mmoja na nusu baadaye alirudi kliniki akitazama vidole vyake vya miguu. Amesimama, lakini kama mtu aliye kwenye rukuu. Mfupa niliouondoa ndio uliokuwa ukishikilia nyumba ile mbovu isianguke. Alihitaji upasuaji wa pili, mkubwa mara nyingi kuliko ambao angehitaji mwanzoni, akiwa na umri zaidi na nguvu pungufu. Nilimwomba radhi. Tangu siku ile simpasui mtu kabla sijampima timazi.

Timazi ile ile ya fundi mwashi, kamba yenye risasi nzito ya kupimia kama ukuta umesimama wima. Inamisha kichwa, papasa nyuma ya shingo, utakuta mfupa uliojitokeza; ndiyo pingili ya saba ya shingo au jirani yake. Tunampiga mgonjwa eksirei ndefu ya ubavuni, amesimama, kuanzia shingo mpaka vichwa vya mapaja, kisha kutoka pingili hiyo tunashusha mstari wima. Kwa mtu mwenye mizani, mstari unaangukia karibu na ukingo wa nyuma wa mfupa wa chini ya kiuno. Ukiwa mbele kwa chini ya sentimita 4, tunasema sawa. Ukizidi sentimita 9.5, hali ni nzito. Hivyo ndivyo vipimo vilivyokubaliwa mwaka 2012 na wapasuaji wa mgongo wakiongozwa na Frank Schwab.

Kwa nini sentimita chache ziwe jambo kubwa? Waulizeni kina mama waliowahi kubeba ndoo ya maji kichwani. Ndoo ikikaa katikati, unatembea nayo kilomita mbili unaongea na mwenzako. Isogeze mbele kiganja kimoja tu, hufiki kwenye kona. Maji ni yale yale. Kinachobadilika ni kwamba misuli ya nyuma sasa inavuta bila kupumzika ili ndoo isianguke. Jean Dubousset, mpasuaji wa Paris, alisema kila mtu anasimama ndani ya koni ambayo ncha yake iko miguuni. Ukiyumba ndani yake unatumia nguvu kidogo, ukitoka nje mwili unalipa kwa kila sekunde. Mzee aliyeinama anakunja magoti, anarudisha nyonga nyuma, anakaza shingo ili amtazame mwenzake usoni, na kufikia adhuhuri amechoka kama aliyelima. Watoto wake wanasema, "Siku hizi baba anapenda kulala." Hapendi kulala. Kitandani ndipo mahali pekee ambapo ile ndoo imetuliwa.

Hili ndilo tulilochelewa kulielewa. Paul Harrington wa Houston, Texas, alitengeneza fito za chuma zenye kulabu kwa ajili ya watoto ambao polio iliwapindisha migongo, akaeleza matokeo yake mwaka 1962. Yalikuwa mapinduzi ya kweli, namheshimu. Fito hizo zilinyoosha mgongo kwa kuutanua, kama jeki ya gari. Ukimtazama mgonjwa kwa mbele, amenyooka. Lakini kiuno cha binadamu kina kibonde kwa nyuma, nacho ndicho kinachoweka kichwa juu ya nyonga. Jeki ilipofika kiunoni, kibonde kikapotea. Miaka ikapita, wale waliosifiwa kwa picha nzuri za mbele wakaanza kuinama, migongo bapa, hawawezi kusimama wima bila kukunja magoti. Mwaka 2005 Steven Glassman na wenzake waliwachunguza watu wazima 298 wenye migongo iliyopinda, wakaona kilichotabiri mateso kuliko vyote ni umbali ambao timazi imekwenda mbele. Kupinda pembeni, kule kunakoogopesha kwenye picha, hakukuwa na uzito huo. Kwa hiyo mnaposikia "upasuaji wa kunyoosha mgongo," jueni hatunyooshi kama rula. Tunarudisha kibonde.

Tunakirudishaje? Mgonjwa analazwa kifudifudi, chini ya nusukaputi. Tunaweka skrubu mbili katika kila pingili, zikipita kwenye shina lake, njia ambayo Raymond Roy-Camille wa Paris alianza kuitumia mwaka 1963. Tunafungua mishipa ya fahamu iliyobanwa. Tunatoa diski zilizokwisha, tunaweka vipande vya kuinua upande uliodidimia. Mgongo ukiwa umeganda kabisa, tunakata kabari ya mfupa kutoka kwenye pingili yenyewe na kuifunga, na kabari moja ya namna hiyo hurudisha nyuzi 30 hivi. Kisha fito mbili, pengine nne, zinafungwa kutoka mifupa ya nyonga mpaka pingili za kifua, na mfupa wa kupandikiza unatandazwa ili pingili ziote na kuwa kitu kimoja. Chuma ni cha kushikilia tu wakati mfupa unaota, na kuota huko ni suala la miezi 6, mwaka, wakati mwingine zaidi. Mfupa usipoota, fito hukatika, kama waya unaokunjwa na kukunjuliwa kila siku.

Kazi hiyo huchukua muda wa saa sita, nane, mara nyingine zaidi, na damu hupotea kwa lita. Siwafichi. Mwaka 2016 vituo 15 vya mabara mbalimbali vilitoa matokeo ya wagonjwa 272 waliofanyiwa upasuaji mgumu kuliko yote wa aina hii: walipotoka hospitali, asilimia 22 walikuwa na nguvu pungufu miguuni kuliko walivyoingia. Baada ya miezi 6 walikuwa asilimia 11 hivi. Utafiti mwingine wa mwaka huo huo, wa wagonjwa 291 waliofuatiliwa miaka miwili, ulikuta zaidi ya robo walirudishwa chumba cha upasuaji angalau mara moja. Fito zimekatika, au pingili iliyo juu tu ya mwisho wa vyuma imebonyea, mgongo ukaanza kuinama upya kuanzia hapo.

Najua mnachofikiri sasa. Lakini sikilizeni na upande wa pili. Mwaka 2011 Justin Smith na wenzake waliwalinganisha wagonjwa 206 kwa umri. Wa miaka 25 hadi 44, asilimia 17 walipata tatizo fulani baada ya upasuaji, dogo au kubwa. Wa miaka 65 hadi 85, asilimia 71. Ungedhani habari imeishia hapo. Ila wazee hao hao ndio waliopata nafuu kubwa kuliko vijana, kwa maumivu ya miguu na kwa uwezo wa kufanya shughuli zao, kwa sababu ndio waliokuwa wameumia zaidi. Na mwaka 2019, huko Amerika Kaskazini, yalitoka matokeo ya watu wa miaka 40 hadi 80 waliogawanywa kwa kura, wengine wapasuliwe, wengine watibiwe bila kisu. Ndani ya miaka miwili, asilimia 64 ya wale wa bila kisu waliomba wenyewe kupasuliwa. Kura yenyewe haikuonyesha tofauti, maana makundi yalikuwa yamechanganyika. Walipolinganishwa kwa tiba waliyopata hasa, waliopasuliwa walikuwa na nafuu zaidi. Nami husema kwamba wapo pia waliobaki bila kisu, na hawakuharibikiwa kwa kusubiri.

Nasimama kidogo hapa, kwa sababu kuna jambo ambalo wagonjwa wangu wanalilia baadaye kama hawakuambiwa mapema. Vyuma vikifika nyonga, kiuno hakikunjiki tena. Utakunja kwenye nyonga na magoti, basi. Choo cha kuchuchumaa kinakuwa shida, na kwa wengi hakiwezekani kabisa. Kukaa kwenye mbuzi ukakuna nazi, imekwisha. Kukaa mkekani na kunyanyuka bila kushikwa, ni vigumu. Kujisafisha, kuvaa viatu, kufikia kidole cha mguu ukakata kucha, inabidi kujifunza upya. Mama mmoja aliniambia, machozi yakimtoka, kwamba mgongo umeacha kuuma lakini hawezi kusujudu, na hakuna aliyemwambia. Aliyepaswa kumwambia ni daktari, kabla ya kusaini. Kusali kwenye kiti kunaruhusiwa kwa mgonjwa, alikuwa anajua. Lakini alitaka kuchagua mwenyewe, na alistahili kuchagua. Siku hizi namwomba mgonjwa na wanawe watengeneze choo cha kukalia kabla ya tarehe ya upasuaji. Wasipotengeneza, naahirisha.

Nikitaja wanawe nakumbuka jambo jingine. Kwetu mzee akiumwa, familia inakaa, kundi la WhatsApp linafunguliwa, michango inaanza, na mara nyingine tiketi ya India inakatwa kabla mzee hajaulizwa anataka nini. Michango ni upendo, Mungu awalipe. Lakini mwacheni mzee aseme. Wapo wanaotaka tu kusimama jikoni kwa nusu saa. Wapo wanaotaka kwenda shamba, na wapo wasiotaka kisu hata kidogo, wanataka mtu awaambie kwamba si saratani. Kila jibu lina tiba yake. Kuhusu mahali: kufungua mishipa iliyobanwa kunafanyika hapa nchini, Taasisi ya Mifupa Muhimbili na kwingineko. Kwa ule upasuaji mkubwa, iwe hapa, Nairobi, Chennai au Accra, ambako Oheneba Boachie-Adjei alifungua mwaka 2012 hospitali iliyobobea katika migongo, ulizeni swali moja bila haya: daktari, wewe mwenyewe umefanya mingapi ya namna hii, na wale waliopata matatizo umewafanyaje?

Kabla ya kufika huko, kuna kazi ya miezi ambayo ni yako, haina kisu. Sigara iache kabisa. Nikotini huzuia mfupa usiote. Sukari ishuke na itulie. Mifupa ipimwe uzito wake, maana skrubu kwenye mfupa laini ni msumari kwenye boriti iliyoliwa na mchwa. Kuna dawa za kuijenga, na tunazitumia kwa miezi kabla ya upasuaji. Kula mayai, dagaa, maharage, kwa sababu kidonda hakifungwi na uji mtupu. Tembea kila siku hata kwa fimbo, na ninyi mna bahari, ingieni majini mtembee. Maji yanabeba ile ndoo kwa niaba yenu. Mazoezi chini ya mtaalamu wa fiziotherapia hayatanyoosha mpindo, wala mkanda wa kiunoni hautauzuia usiendelee, lakini misuli iliyoimarika imewaokoa wengi na meza yangu. Na ndugu wachangie damu mapema.

Mambo machache hayasubiri foleni ya kliniki. Mkojo ukikataa kutoka au ukitoka bila taarifa, sehemu za siri na makalio yakifa ganzi, mguu ukishindwa kunyanyua kisigino au vidole, nenda hospitali siku hiyo hiyo, usiku huo huo. Na si kila mgongo unaoinama ni uzee. Homa za jioni, jasho la usiku, kukonda, maumivu yasiyolala hata ukiwa umelala: hiyo inaweza kuwa kifua kikuu cha mgongo, ambacho bado tunakiona sana, na dawa zake zipo, au saratani iliyohamia kwenye mfupa. Kuchua na mafuta kukome, upimwe.

Mwalimu aliyenyoosha mkono pale nyuma ameuliza, mume wake ana miaka 76, je, amepitwa na wakati? Mama, umri wake haunitishi. Nataka kujua anapanda ngazi ngapi, sukari yake ikoje, mfupa wake una uzito gani, na asubuhi akiamka anatamani kufanya nini ambacho mgongo unamkatalia. Kama anatamani kutembea mpaka msikitini na mguu mmoja ndio unaomkatalia, huenda mlango mmoja mdogo ndio tu wa kufunguliwa, na alale hospitali siku mbili. Njoo naye.

Picha mlizoleta ziwekeni kwenye meza ya dirishani penye mwanga. Zilizopigwa mkiwa mmelala zitanionyesha mifupa tu, timazi haionekani humo, kwa hiyo nimekuja na kamba na risasi ya fundi. Tutasimama mmoja mmoja ukutani, magoti yamenyooka, bila kujikaza, na nitaandika sentimita zako kwenye kadi uende nayo kliniki. Mwalimu mwenye fimbo hapo mstari wa mbele, nitaanza na wewe.